Siku Nyumba ya Wawuda Ilipoitwa Bungeni

Alhamisi iliyopita, mchana kweupe, Wawuda aliota kwamba nyumba yake imeitwa bungeni kutoa ushahidi.

Najua kuna watakaosema ndoto za mchana ni za mtu aliyeshiba akakosa kazi. Basi huyu alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu chai ya alfajiri, na aliota akiwa ameketi wima kwenye benchi la Bunge la Kaunti, mkoba mapajani, mbele ya mlango ulioandikwa Kamati ya Makazi na Biashara Ndogo. Nami naisimulia ndoto kama alivyonisimulia yeye. Sitaitia chumvi, inayo yake ya kutosha.

Lakini kwanza mjue alifuata nini pale.

Wawuda ni mama wa miaka sitini na miwili, wa Kighombeni, kijiji cha mlimani ambako barabara huishia halafu watu huendelea kwa miguu. Wenyewe tunamwita Mama Nyange, kwa jina la mwanawe wa kwanza aliyeko Uarabuni. Ana nyumba moja. Chumba cha mbele ni hoteli: meza mbili, birika kubwa, mahamri na maharagwe kwa wachimbaji wa vito wanaoshuka machimboni na njaa zao. Chumba cha nyuma ni kitanda chake. Katikati kuna pazia. Kijiji kizima kimejengwa hivyohivyo. Fundi analala nyuma ya cherehani, kinyozi analala nyuma ya kioo, na hakuna aliyewahi kuona ajabu.

Sasa kaunti ikatunga mswada. Kifungu cha kumi na nne kinasema hivi: pahali pa kulala hapatafanyiwa biashara, na pahali pa biashara hapatalaliwa. Aliyeandika maneno hayo bila shaka ana nyumba mbili.

Mtauliza, wananchi hawakuulizwa? Waliulizwa sana! Miezi mitatu nyuma maafisa walikuja na magari mawili kuchukua maoni yetu. Waliongea Kiingereza saa nzima ndani ya ukumbi wa kanisa, wakauliza kama kuna swali, mbuzi wa nje akajibu. Kisha daftari la mahudhurio likazungushwa, na kila mwenye jina akapewa soda na nusu mkate.

Hapo ndipo ilipo desturi yetu. Kighombeni, orodha yoyote inayogawa kitu, hujiandiki peke yako. Unamwandika na jirani aliye shambani, na mgonjwa, na aliyesafiri, ili naye asikose. Kumwacha mwenzio ni choyo. Wawuda ana mwandiko mzuri, wa kuinama kidogo kulia, kwa hiyo daftari lilikaa kwake muda mrefu. Akaandika huyu, akaandika yule. Mstari wa kumi na sita akamwandika mumewe, Mwakio.

Mwakio alikufa miaka sita iliyopita.

Tangu azikwe hajakosa orodha hata moja. Mkewe humwandika kwenye mradi wa maji, kwenye vyandarua, kwenye mahindi ya msaada, hata kwenye kamati za matanga ya watu wengine. Si ujanja, naapa. Mkono wenyewe huandika. Na sisi, kwa adabu zetu, hatujamsahihisha hata siku moja. Tunagawa, tunasema, "Na hii ya Mzee," basi, tunaendelea.

Haya, lile daftari la soda likaenda likabandikwa nyuma ya mswada, kuonyesha kwamba watu wa Kighombeni waliujadili na kuukubali. Mwalimu Mwachofi, mwenyekiti wetu wa kijiji, ndiye aliyeligundua. Alitukusanya, akatusomea, tukashika vichwa. Mswada ukipita hakuna duka, hakuna kinyozi, hakuna hoteli, na Wawuda, asiye na pengine pa kwenda, atachagua kati ya kulala na kula.

Halafu Mwalimu akasema neno moja, polepole. "Kukipatikana kwenye daftari jina la mtu asiyekuwapo duniani, daftari lote ni bure. Watalazimika kuja kutuuliza upya. Lakini lazima aliyeliandika jina hilo asimame mbele ya kamati, aseme."

Hakuna aliyemtazama Wawuda. Sote tulitazama paa la kanisa, ambalo ghafla lilikuwa zuri.

Tukakubaliana kwenda watu wanane, pamoja na yeye tisa. Umoja ni nguvu, tulisema, tena kwa sauti. Alhamisi ikafika, mmoja akawa na ng'ombe mgonjwa, mwingine na mgeni, mwingine mvua. Labda ilikuwa aibu. Labda ilikuwa adabu, maana nani angependa kukaa pale akimsikia akilisema hilo la mumewe? Kwa watu wetu mambo hayo mawili hulala kitanda kimoja. Nilikuwa mmoja wa wale wanane. Tusizungumze zaidi juu ya hilo.

Alifika bungeni saa nne. Aliambiwa saa tano. Saa sita simu ikalia ndani ya mkoba, ujumbe wa Mwalimu: "Mama Nyange, jikaze. Tuko nyuma yako." Akageuka nyuma. Palikuwa na ukuta na picha ya mnara wa maji. Akairudisha simu, akaegemeza kichwa, na hapo usingizi ukamchukua.

Mlango unafunguka. Anayefungua ni birika lake la chai.

Limevaa tai. "Mama Nyange," linasema, "ingia. Mimi ndiye karani leo."

"Nani amebaki na wateja?" anauliza Wawuda.

"Wateja wametakiwa kukaa macho hadi watakapoarifiwa vinginevyo."

Anaingia. Ndani ni ukumbi mkubwa wa zulia jekundu, na juu ya meza limelazwa rungu la bunge, lile la kung'aa, lenye kichwa kama boga. Rungu ndilo mwenyekiti. Linaongea bila kuinuka, kama mtu aliyekula akavimbiwa.

"Kighombeni mko wangapi?" linauliza.

Kabla hajajibu, anasikia pumzi nyuma yake. Watu wanane. Anawatambua kwa kikohozi cha Mwalimu Mwachofi. Moyo unamrukia kwa furaha, kumbe wamekuja! Anageuka awasalimie. Nao wanageuka, wanabaki nyuma. Anageuka tena haraka, wanazunguka haraka zaidi, viatu vinasugua zulia.

"Jamani, njooni basi hata ubavuni," anasema.

"Tuko nyuma yako, Mama," wanasema kwa pamoja, kwa upole kabisa.

Anazunguka mara tatu mpaka anashikwa na kizunguzungu. Hakuona hata uso mmoja. Basi akaacha, akawasikiliza tu wakipumua, na upweke uliomshika hapo, alivyoniambia, haukuwa mdogo kuliko ule wa benchi. Ulikuwa mkubwa zaidi, kwa kuwa huu ulikuwa na watu.

"Mwite shahidi," linasema rungu.

Birika linapiga filimbi kwa mvuke. Nyumba ya Wawuda inaingia kwa kuinama, isikwaruze dari, mabati yake yameoshwa, pazia limepigwa pasi. Imefunga mlango kwa heshima. Nyuma yake, mahali ilipokuwa, kupitia dirisha la bunge Wawuda anaona mlima wao na kiwanja kitupu cha mraba, na kuku wanatafuta kivuli.

"Wewe ni nyumba ya kulala au ya biashara?" linauliza rungu.

"Mimi ni ya Wawuda," inasema nyumba.

"Hilo si jibu."

"Asubuhi ya biashara. Jioni ya kulala."

"Na mchana?"

Nyumba inasita. Maskini, haijui kusema uongo. Imekaa mahali pamoja maisha yake yote, ingejifunzia wapi? "Mchana, wateja wakipungua, huwa anasinzia kidogo mezani," inasema. "Kichwa juu ya mkono. Si muda mrefu."

"Karani, andika. Kosa la kusinzia pahali pa biashara."

"Mheshimiwa," anasema Wawuda, "mtu akichoka afanyeje?"

"Atoke nje achoke huko."

Watu wa nyuma wananong'ona kwamba hilo si haki. Wananong'ona vizuri sana, kwa hoja nzito, na hakuna hata neno moja linalofika mezani.

Mara ukumbi si ukumbi tena. Ni barabara ya machimboni, vumbi jekundu mahali pa zulia, meza ya rungu imewekwa katikati ya njia, na wachimbaji wameketi kwenye mabenchi ya hoteli kwenye jua kali, vikombe mkononi. Kila anayefumba macho kupuliza chai anaandikiwa kosa. Kijana mmoja anapiga chafya, anaandikiwa makosa mawili. Wanajitahidi kunywa wakiwa wamekodoa macho, machozi yanawatoka, na hakuna anayelalamika kwa kuwa chai ni ya Wawuda na ni nzuri.

Kisha mlango wa nyumba unafunguka kutoka ndani, kitanda chake kinatoka. Kinatembea kwa miguu yake minne, mto begani, blanketi limekunjwa vizuri.

"Samahani, Mama Nyange," kinasema. "Nimeagizwa nihame. Amua wewe mwenyewe, utanifuata mimi au utabaki na birika?"

"Unakwenda wapi?"

"Sijaambiwa. Nimeambiwa tu nisiwe hapa."

Akakitazama. Upande mmoja wa godoro umebonyea, upande wa ukutani. Ule mwingine, wa mlangoni, umejaa kama siku uliponunuliwa, kwa sababu miaka sita hajaulalia. Kitanda kikaona anapoangalia, kikavuta blanketi kuficha.

"Nisubiri," akasema Wawuda. "Usiende mbali."

"Sina haraka," kikasema kitanda, kikaketi kando ya njia.

Hapo ndipo alipouona mswada wenyewe. Ulikuwa umekaa peke yake juu ya jiwe, kurasa arobaini na sita, umevaa miwani, na umeshika magoti kama mtoto ambaye hakuja kuchukuliwa shuleni. Alitaka kuukasirikia. Alikuwa ameyapanga maneno tangu nyumbani, maneno makali, mengine ya kikwetu. Alipoukaribia, ukamsogezea nafasi.

"Wewe ndiye kifungu cha kumi na nne?" akauliza.

"Cha kumi na nne kiko ndani," ukasema mswada. "Mimi ni wote. Nimesomwa mara mbili. Nikisomwa mara ya tatu nitakuwa sheria."

"Waliokusoma walionaje?"

"Hawajanisoma. Wanataja jina langu kwa sauti, mtu mmoja anasema ndiyo, wengine wanaitikia, wanakwenda kula. Hiyo ndiyo inaitwa kunisoma." Ukavua miwani, ukaifuta. "Ukurasa wangu wa ishirini na tatu bado umegandana na wa ishirini na nne. Hakuna aliyewahi kuufungua tangu nitoke mashineni."

Sasa niambie, mtu ufanye nini na adui wa namna hiyo? Wawuda akatia ukucha, akazitenganisha zile kurasa mbili. Akausoma, polepole, kwa kidole, kama anavyosoma kila kitu. Ukurasa wa ishirini na tatu ulikuwa unahusu upana wa mifereji. Ulikuwa umeandikwa vizuri.

"Ahsante," ukasema mswada, na sauti ilitetemeka. "Si kwamba nina ubaya nawe. Mimi hata kusimama siwezi peke yangu. Wenye kunisimamisha ni wale."

Ukaonyesha juu ya mteremko. Kulikuwa na safu ya viti vya wageni wa bunge, na kwenye viti wamekaa majina. Majina tu, kwa wino wa buluu, kila moja kwenye kiti chake, chupa ya soda chini. Mengi yalikuwa yameinama kulia. Kila jina lilikuwa limenyoosha mkono na kuushika mkono wa mswada, na mkono huo ulikuwa umerefuka kutoka kwenye jiwe mpaka kwao, kama kamba ya kuanikia nguo.

"Hao wanakuunga mkono," akasema Wawuda.

"Tangu siku ya soda," ukasema mswada. "Hawajaniachia hata nijikune."

Akapanda mteremko. Pumzi za wale wanane zikapanda naye, nyuma. Akapita jina la fundi, akapita jina la mgonjwa wa bonde la chini, yote yakamwitikia salamu kwa mwandiko wake mwenyewe. Kiti cha kumi na sita alikuwa Mwakio.

Si yeye, jamani. Jina lake. Herufi sita, wino wa buluu, zimeinama kulia kama zinasikiliza ukutani. Lakini lilikuwa limekaa alivyokuwa akikaa yeye, miguu imevuka, na Wawuda alipoliona alijikalia kwenye vumbi, mwanamke mzima, mbele ya kamati.

"Umekula?" akauliza. Ndilo neno la kwanza lililomjia, baada ya miaka sita.

"Majina hayali," likasema jina.

"Lakini soda ulipewa. Niliona wakiigawa."

"Nilipewa. Uliinywa wewe njiani, ukirudi."

"Ilikuwa inapoteza ubaridi," akasema Wawuda.

"Sijasema neno. Nusu mkate je?"

"Niliwapa kuku."

"Vizuri."

Alitamani kumshika mkono, lakini mmoja ulikuwa umeshika mswada na mwingine, alipouangalia, ulikuwa ni mkia tu wa herufi ya mwisho. Akamsimulia kwamba Nyange anapiga simu Jumapili, si kila Jumapili. Kwamba bati la upande wa jikoni linavuja tena. Kwamba maharagwe siku hizi hayaivi upesi. Alisema mambo mengi, madogomadogo, yale ambayo mtu humwambia mwenziwe akivua viatu, na hakuna kitu kilichomuuma siku ile kama kugundua alikuwa nayo mengi kiasi hicho, yamekaa tumboni bila wa kumwambia.

Jina lilisikiliza yote. Lilikuwa na adabu, kama sisi.

Chini barabarani rungu likagonga meza kwa kichwa chake. "Kamati imesoma kanuni," likatangaza, "au imesomewa. Daftari likiwa na jina la marehemu, daftari ni batili, na wenye kushika mkono wataachia wote. Mwenye mwandiko ndiye wa kusema. Na aseme kwa kinywa chake. Kanuni haikubali kuandikiwa."

Wale wanane nyuma wakaacha kupumua.

"Mama Nyange," likaita birika kutoka chini, "mswada unasomwa mara ya tatu dakika hii. Kitanda chako kinauliza kiende au kingoje."

Wawuda akalitazama jina. "Nikisema, utakwenda wapi?"

"Sitakwenda popote. Mimi niko pale mlioniweka, chini ya ule mti wa mvule, na magugu yangu."

"Nilipalilia mwezi wa sita."

"Najua. Lakini hapa unaniandika upya kila siku." Jina likajaribu kujinyoosha likashindwa, liliandikwa likiinama. "Wawuda. Unajua nimepanga foleni ngapi tangu nife? Ya maji, ya mahindi, ya mbolea. Ya chandarua nilisimama kutwa. Mimi naogopa mbu gani? Wenzangu wamelala. Mimi naitwa, 'Mwakio yupo?' na watu wanasema yupo, nami naamka naja. Nimechoka, mama."

Hakuwahi kufikiria hilo. Miaka sita alidhani anamtendea wema, anamweka karibu, kumbe alikuwa anamkosesha usingizi. Akalia. Alilia kwa sauti, pale mteremkoni, na majina yote ya buluu yakatazama pembeni, kwa adabu.

"Mimi nitabaki na nani, basi?" akauliza.

Jina halikujibu haraka. Mwakio naye hakuwa mtu wa kujibu haraka. Watu walidhani hajasikia.

"Peke yako," likasema. "Si kwamba ulikuwa na mtu."

Maneno hayo mtu mwingine angeyasema kwa ukatili. Hili liliyasema kama mtu anayekuonyesha kwamba umevaa kiatu kimoja, ili usitoke nacho.

Rungu likagonga mara ya pili. Nyumba yake, kule chini, ilikuwa imeanza kupasuka katikati, pale penye pazia, nusu moja inasogea kushoto na nusu nyingine inasogea kulia, na paa linavutwa huku na huku halijui liende na nani. Misumari ikalia. Wawuda akasimama, akapangusa vumbi la sketi, akavuta pumzi, akafumbua mdomo aseme.

Akaamka na mdomo wazi.

Benchi lile lile. Mkoba mapajani. Saa ya ukutani ilikuwa saa saba na robo, na mbele yake amesimama askari wa langoni, mwanamke mnene mwenye sura ya huruma, kashika kitabu cha wageni kifuani.

"Mama, pole na usingizi," akasema askari. "Wanakuita sasa hivi, na mimi natoka zamu, nasawazisha kitabu changu. Wewe bado uko ndani, hilo naona. Yule mwenzako alishatoka."

"Mwenzangu nani?"

"Si uliandika watu wawili pale langoni? Nikakuuliza mwenzio yuko wapi, ukaniambia anakuja." Akakifungua kitabu, akaweka kidole. "Hawa hapa."

Wawuda akatazama. Mstari mmoja, Wawuda, mwandiko wa kuinama. Mstari wa chini yake, Mwakio, mwandiko ule ule wa kuinama; mkono ulikuwa umeandika tena, bila kumuuliza. Kwenye safu ya muda wa kutoka, mstari wake yeye ulikuwa mtupu. Kwenye mstari wa Mwakio kulikuwa kumeandikwa saa saba na dakika kumi, na sahihi.

Haukuwa mwandiko wake. Herufi zilisimama wima, zimekandamizwa kwa nguvu za mtu aliyeshika jembe zaidi ya kalamu, mpaka karatasi ilikuwa imetoboka kwenye mkia wa k. Akapitisha kidole pale penye tundu. Wino ulimshika kidoleni.

"Alisema kitu?" akauliza.

"Nani, mzee? Sikumwona vizuri, nilikuwa nafungulia gari. Nilimsikia tu akisema yeye anakwenda kulala." Askari akafunga kitabu. "Haya mama, ingia, wasije wakakuruka."

Mlango wa kamati ulikuwa wazi. Ndani walikuwa waheshimiwa watano na chupa zao za maji, na karani, kijana wa miwani, kalamu mkononi. Hakuwa birika. Wawuda alihakikisha.

"Kighombeni," akasema karani bila kuinua macho. "Mko wangapi?"

Wawuda hakugeuka nyuma.

"Niko peke yangu," akasema. "Na kwenye daftari lenu, jina la kumi na sita ni la mume wangu. Nililiandika mimi. Amekufa."